Njiru hadi Eldoret, Ciru Akiwa Kifudifudi

Nimechoka kusimulia safari hii vipande vipande. Pale soko la Burma, kwenye bucha yangu, mtu anakuja kununua nyama, anauliza Ciru aliendelea aje, naanza kumweleza, na kabla sijafika Naivasha ameingia mteja mwingine anataka mbavu. Yule wa kwanza anakwenda zake akidhani tuliishia kwenye foleni. Kuna mmoja, simtaji, ambaye hadi leo anaamini mtoto wangu alijifungua kando ya barabara. Kwa hivyo nimekaa chini niandike yote, kuanzia geti letu la Njiru mpaka mwisho, ili atakayeuliza tena nimpe hii asome, nami niendelee na kazi yangu.

Makaratasi nayaruka. Kwa nini Eldoret na si Nairobi, nani alimwandikia nani, tulingoja simu kiasi gani, hayo yote yalinitoa jasho mara moja na sitaki yanitoe tena.

Jueni tu hili. Ciru ni kifungua mimba wangu, ana miaka kumi na tano, na tangu mwaka jana alikuwa akilalamika maumivu chini ya mgongo. Tulidhani ni mkoba wa shule, tukadhani ni godoro, halafu mama yake akadhani ni ujanja wa kukwepa kuosha vyombo. Ikafika mahali hawezi kukaa. Kusimama anaweza, kulala anaweza, lakini akikaa kitini kwa muda wa kunywa kikombe cha chai machozi yanamtoka, na mguu wa kushoto unakufa ganzi hadi kwenye unyayo. Alipopigwa picha, ikaonekana kwamba ule mfupa wa pembetatu ulio chini kabisa ya uti wa mgongo, juu kidogo ya kifandugu, una kifuko ndani yake chenye majimaji, na kifuko hicho kinakua. Neva zinazokwenda miguuni zinapita papo hapo. Tuliambiwa kikiendelea kuzifinya, mguu ule unaweza kuacha kufanya kazi kabisa.

Mguu wa mtoto wangu, basi, ndio tuliokuwa tunaupeleka Eldoret.

NJIRU HADI KINUNGI

Swali la kwanza lilikuwa moja: mtoto asiyeweza kukaa unamsafirishaje? Jibu lilikuwa Abdi. Abdi ndiye anayeniletea mbuzi, anakaa Eastleigh, na urafiki wetu ulianza na ugomvi juu ya beberu mmoja aliyekuwa mgonjwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ana Probox. Kiti cha nyuma kikikunjwa, sehemu yote ile inakuwa tambarare, na siku zingine hapo hulala mbuzi. Alikuja asubuhi akiwa ameliosha gari mpaka linanukia sabuni, tukaweka godoro, mito, na blanketi la Mama Ciru lenye picha ya simba. Ciru akapanda, akalala kifudifudi, kidevu juu ya mto, uso ukielekea mbele katikati yetu sisi wawili.

Mama Ciru alibaki na wadogo. Alitupakia chapati, nduma na thermosi ya chai, kisha akaweka mkono juu ya boneti akaomba kwa Kikuyu kwa muda mrefu, huku Abdi amesimama ameinamisha kichwa kwa adabu. Alipomaliza, Abdi akaingia, akasema bismillahi yake, akawasha gari. Gari lile liliombewa kila upande.

Sasa niwaambie jambo ambalo huenda mtaliona si la baba mwenye mgonjwa. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na hofu pia, hofu kubwa, na nitaifikia, lakini tuliposhika Eastern Bypass na jua likaanza kupanda nyuma yetu nilijisikia kama mtoto anayekwenda ziara ya shule. Mimi sikuwa nimewahi kupita Nakuru maishani mwangu. Ciru hakuwa amepita Limuru. Kila tulichopita alitaka jina lake, na Abdi alimjibu yote, hata yale ambayo nina hakika aliyabuni papo hapo.

Baada ya Limuru tukaliona bonde. Ciru alijiinua kwa viwiko akatazama chini kule hadi shingo ikamuuma. Alisema tu, "Baba, si ni kubwa." Nilikubali kwamba ni kubwa.

Halafu karibu na Kinungi tukasimama. Lori lilikuwa limeteleza likalala kukingama barabara nzima. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyepita pia. Jua likawaka. Madereva wakazima magari, wakashuka, wakaanza kutoa maoni juu ya namna lori linavyoinuliwa, na hakuna hata mmoja aliyeliinua. Ndani ya gari, mguu wa Ciru ulianza kumuwasha moto kama unavyofanya akilala mkao mmoja kwa muda mrefu, akawa anaguna na kuuma mto. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mlangoni namsugua kiuno, nikimwambia apumue.

Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma akachungulia dirishani. Aliona msichana mdogo chini ya blanketi, analia, wanaume wawili wa makamo, mmoja anamwambia apumue. Hakuniuliza kitu. Aligeuka akawaita wenzake kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Naivasha, na kabla sijasimama vizuri tulikuwa tumezungukwa na wauza mahindi, wauza plamu na wauza mandazi. Mmoja alileta maji ya moto. Mmoja alivua leso yake akaanza kuwafukuza wanaume. Mwingine, mnene, mwenye beseni la mandazi, aliniuliza kama huyu ni mtoto wa nani, na kabla sijajibu akamgeukia Abdi akamuuliza kama haoni haya. Abdi, ambaye hajawahi kuogopa hata fahali, alirudi nyuma hadi akaegemea gari la watu wengine.

Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo zaidi. Mwishowe Ciru mwenyewe ndiye aliyenyanyua kichwa.

"Kina mama, mimi siko na mimba. Niko na shimo kwa mfupa."

Ciru akaomba andazi moja kutoka kwenye beseni, na mwenye beseni akampa bila kujua kwa nini anampa. Akalipasua kwa kidole gumba. Aliwaeleza kwamba mfupa wa kawaida umejaa ndani kama mkate, lakini wake umefura kama andazi, ganda jembamba juu na ndani wazi, na katika uwazi ule kuna majimaji yanayousukuma ufure zaidi. Alikuwa amesoma hayo yote kwenye simu, usiku baada ya usiku, wakati sisi tulidhani anaangalia video za kucheza dansi. Wale akina mama walilitazama lile andazi, kisha wakamtazama yeye. Mwenye maji ya moto akachovya leso, akaikamua, akamwekea kiunoni. Wa mandazi akaomba radhi kwa Abdi, kwa heshima kabisa, kisha akammiminia Ciru mandazi kwenye mfuko mpaka ukakataa kufungika. Walikaa nasi mpaka lori lilipoondolewa, na tuliondoka hapo tukipungiwa mikono.

Ndiyo, wewe uliyeeneza habari za kujifungua. Ni hivyo tu.

KIKOPEY

Mchinjaji wa Burma hapiti Kikopey bila kusimama. Si njaa, ni heshima ya kazi. Mtu amesikia nyama ya mahali fulani ikisifiwa miaka yote, na wateja wake mwenyewe wanamwambia usoni kwamba ya kule ni tamu zaidi, lazima aende akajionee.

Abdi kwanza alitaka kujua nani anayechinja. Akapelekwa nyuma, akasalimiana na mchinjaji, wakajuliana kumbe wana rafiki mmoja kule Garissa, na jambo hilo likaisha. Mimi nilikwenda moja kwa moja motoni. Nilibonyeza ubavu kwa kidole. Niliuliza mkaa ni wa mti gani. Nilisema mguu ule umekatwa pabaya. Mchomaji, kijana mtulivu mwenye aproni, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Burma, akaniuliza kwa upole kama huko kwetu tunachoma au tunachemsha. Ciru alicheka hadi ikabidi ajishike mgongo.

Alikula akiwa amesimama, viwiko juu ya kaunta, na watu wakadhani ni mtoto wa mwenye hoteli. Nyama ilikuwa nzuri. Nilimwambia yule kijana kwamba si mbaya. Abdi akaniangalia, kisha akaangalia sahani yangu iliyobaki mifupa mitupu.

Ciru alipokwenda kutembea kidogo ili anyooshe mguu, nilimwambia Abdi jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata Mama Ciru. Hii ndiyo ile hofu.

Nimepasua wanyama tangu ujana wangu. Vifuko vya maji nimeviona kwenye mapafu na maini ya mbuzi na kondoo mara nyingi mno. Vinatokana na minyoo ya mbwa. Vimekaa vingi pamoja, vya duara, vimejaa maji, na kanuni yake kila mchinjaji anaijua tangu siku ya kwanza kazini: kifuko kile hakitobolewi. Unakikata pamoja na nyama iliyokizunguka, unakizika au unakichoma, kwa sababu kikipasuka, maji yake yanakwenda kuzaa vifuko vingine. Mkaguzi wa nyama akikikuta haweki muhuri pale. Sasa ile picha niliyoonyeshwa Nairobi ilikuwa na viduara vile vile, vimebanana ndani ya mfupa wa mtoto wangu. Daktari alizungumza kwa muda, na sikusikia hata nusu. Sikuuliza swali lolote, kwa kuwa mtu haulizi swali juu ya kitu anachokiona kila wiki.

Abdi aliacha kutafuna. Alisema hata yeye, kule kaskazini walikozaliwa wazazi wake, amewahi kumwona mtu aliyekuwa na kifuko hicho tumboni, kikubwa.

"Wallahi, Baba Ciru, wakitaka kukata wakate. Lakini wasikitoboe."

Hapo hapo, mbele ya sahani za mifupa, watu wawili wa nyama tukakubaliana jinsi mtoto atakavyotibiwa. Sisi tulijiona tumefanya jambo la busara sana. Ciru aliporudi tulibadilisha mazungumzo.

TIMBOROA

Baada ya Mau Summit hewa ikawa baridi na ukungu ukashuka barabarani. Abdi alivaa koti, kofia, kisha koti jingine juu ya lile la kwanza. Ciru alitoa mkono nje ya dirisha ili aushike ukungu, akasema haushikiki.

Karibu na Timboroa tairi likapasuka. Tairi la akiba lilipotolewa, nalo likakutwa halina pumzi. Abdi alilitazama kama ndugu aliyemsaliti. Akapata pikipiki ya kumpeleka na matairi yote mawili kwa fundi, nasi tukabaki kando ya barabara, meno yakigongana, hadi bibi mmoja aliyekuwa akitoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni alipotuamuru tuingie kwake. Hakutukaribisha, alituamuru. Kila mtu aliyepita alimwita Kogo, yaani nyanya, basi nasi tukamwita hivyo.

Jikoni kwake kulikuwa na moto, na kando ya moto vigoda. Akaniwekea kimoja, akamwekea Ciru kingine. Ciru akashukuru, akabaki amesimama. Kogo akamwonyesha tena kigoda. Ciru akatabasamu, akasema yuko sawa. Nikaona uso wa yule bibi ukibadilika. Kwetu na kwao ni mamoja kwa hili: mgeni anayekataa kukaa ameikataa nyumba. Ciru naye aliona. Kabla sijafungua mdomo, mtoto wangu alijishusha akakaa kwenye kile kigoda kifupi, mgongo wima, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Midomo ikamgeuka rangi. Aliendelea kutabasamu huku machozi yakimshuka, na mimi nilihisi kama ni mimi ninayepigwa.

Nilimweleza Kogo upesi. Alichukua kikombe kutoka mikononi mwa Ciru, akatandika ngozi ya kondoo na blanketi karibu na moto, akamsaidia kulala kifudifudi. Kisha yeye mwenyewe, mzee vile, akaviacha vigoda vyote akakaa chini sakafuni kando yake, na hivyo ndivyo walivyokunywa, kichwa kando ya kichwa.

Walikuwa wakinywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Mimi kwenye kikombe changu niliona vitu vyeusi vinaelea, nikadhani ni masizi yameangukia, nikawa navisogeza pembeni kwa ulimi kisiri nisimwaibishe. Kogo aliniona. Akaeleza, akicheka sasa, kwamba huo ni mkaa wa mti maalumu wanaosafishia kibuyu na kwamba ndio utamu wenyewe. Ciru alikuwa ameshamaliza na anaomba kingine. Nilimeza yote, na nawaambia ukweli, cha pili niliomba mwenyewe.

Abdi aliporudi na tairi, Kogo alitupakia viazi nyuma, pale palipobaki. Akamshika Ciru mguu ule wa kushoto, akautamkia maneno ya Kikalenjin ambayo hatukuyaelewa.

ELDORET

Tulilala Eldoret kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi tukaingia hospitali. Daktari tuliyemfuata aliitwa Jeruto, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alimsalimia Ciru kabla ya kunisalimia mimi. Alimgonga magoti, akamkuna nyayo, akamwambia asukume mkono wake kwa vidole vya mguu, kulia kisha kushoto. Upande wa kushoto hata mimi niliona haukuwa unasukuma kitu.

Kisha akatueleza mpango. Kesho yake Ciru angelazwa kifudifudi kwenye mashine, apewe usingizi, na sindano ndefu iingizwe mgongoni hadi ndani ya kile kifuko. Wangevuta kilichomo, wachukue na kipande cha ukuta wake kikapimwe, halafu waingize dawa.

Nilisimama. Nilimwambia hiyo sindano haiingii.

Aliuliza kwa nini, nikamwambia yote, na sikumwambia kwa sauti ya hospitali. Nilimweleza mapafu ya mbuzi, mkaguzi, muhuri, kanuni yetu. Nilimwambia kama ni kukata wakate, lakini mtu akitoboa kile kifuko amemsambazia mtoto wangu ugonjwa mwili mzima, na sitatia saini nione hayo yakifanyika. Abdi, aliyekuwa mlangoni, akaongeza kwamba ni kweli. Mwuguzi akachungulia aone kuna nini.

Daktari Jeruto hakukasirika, jambo ambalo lilinipunguza kasi. Alisema ninachokieleza kipo, tena kinaweza kuingia hata kwenye mfupa wa mtu, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo damu ya Ciru ilishapimwa kuhusu minyoo ile na haikuonekana. Kisha akaniuliza maji ya kile kifuko cha mbuzi yana rangi gani. Nikamwambia hayana rangi, ni safi kama ya mvua. Akageuza kompyuta yake upande wangu. Akatafuta picha nyingine, si ile niliyoonyeshwa Nairobi. Hii ilikuwa imeuona mgongo kwa ubavu, Ciru akiwa amelala chali ndani ya mashine.

Ndani ya kila kiduara kulikuwa na mstari ulionyooka. Upande mmoja wa mstari ni giza, upande wa pili ni mwangaza. Na mistari yote ilielekea upande mmoja.

Aliniuliza ninaona nini. Mimi ninayetengeneza mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, kila siku ya Mungu. Ukikinga damu kwenye beseni ukaiacha bila kuikoroga, inatulia, ile nzito inakwenda chini na juu yanabaki maji ya manjano, na katikati unaona mstari kama uliochorwa kwa rula. Nilikaa kabla sijajibu.

"Hii ni damu," nikasema. "Imetulia."

Akasema ndiyo. Hakukuwa na mnyoo mle ndani. Kilikuwa ni kifuko cha damu, ugonjwa unaowapata zaidi watoto na vijana, haujulikani vizuri unaanzaje, na hautokani na mbwa wala mkoba wala godoro. Damu inaingia kwenye mfupa, inasukuma, mfupa unafura na kubaki ganda. Hiyo si saratani, alisema, ila kuna saratani moja inayofanana nacho kwenye picha, kwa hivyo lazima kipande kipimwe. Dawa ya sindano hufanya kuta zile zinyauke, damu ikose njia, na mfupa uanze kujijaza wenyewe, polepole, pengine baada ya sindano nyingi. Wakikata kama nilivyotaka mimi, pale neva zinapopita, ndipo mguu ungekuwa hatarini zaidi.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Njiru nikiwa tayari kumkatalia mtoto wangu dawa. Hilo liliponiingia, niligeuka kumtafuta Ciru.

Ciru alikuwa amelala kwenye kitanda cha kupimia, ametugeuzia uso. Alikuwa amesikia kila neno.

"Baba, umekaa na hiyo story kutoka nyumbani bila kuniambia?"

Nilimjibu sikutaka aogope.

"Mgongo ni wangu. Ningeogopa na wewe."

Kisha akamuuliza daktari sindano inaweza kuharibu nini. Daktari hakumficha: inaweza kugusa neva, na kifuko kinaweza kurudi hata baada ya kupona. Akauliza tena, na wasipofanya kitu? Kitaendelea kukua. Ciru alifikiri kidogo akitazama ukuta, akasema basi adungwe, na akaomba iwe asubuhi mapema kabla hajabadilisha mawazo. Mimi nikatia saini.

Siku ile ya sindano Abdi alitandika mkeka wake kwenye kivuli cha gari akaswali, nami nikazunguka maegesho mpaka askari wa getini akaniuliza nimepoteza nini. Ciru alitoka salama, amelewa usingizi, akidai mandazi. Tukangoja majibu ya kile kipande. Sitawaeleza kungoja kule. Mwenye mtoto anakujua. Simu ilipolia na Daktari Jeruto akasema si saratani, ni kile kile alichodhani, nilikimbia hadi getini nikamkumbatia yule askari, nikambeba kabisa juu, na kofia yake ikaanguka. Aliniambia hongera bila kujua anampongeza mtu kwa lipi. Mama Ciru nilipompigia nilishindwa kusema, na yeye kwa kusikia ninavyohema akaanza kulia kwa msiba, mpaka Abdi aliponinyang'anya simu akamwambia ni furaha.

KURUDI

Tumekwenda Eldoret mara kadhaa tangu hapo, sindano baada ya sindano. Nyingine zilimuuma kwa siku nyingi. Kuna miezi hatukuona badiliko lolote, na kuna siku Ciru aligoma kupanda gari, nami nikakaa naye mlangoni hadi akakubali. Abdi alitupeleka zote. Hakuwahi kuniuliza hata mara moja kama atatupeleka tena, alikuja tu na gari limeoshwa.

Safari hii ya juzi, Daktari Jeruto aliweka picha mbili kando kwa kando, ya zamani na ya sasa. Kwenye ya zamani, andazi. Kwenye ya sasa, mfupa mweupe ulikuwa umeanza kuingia kutoka kingoni kuelekea katikati, na vile viduara vimesinyaa. Alimwambia Ciru asukume mkono wake kwa mguu wa kushoto. Ciru akasukuma, na daktari akarudi nyuma hatua nzima. Ataendelea kupigwa picha kwa miaka, kwa kuwa kitu hiki hurudi, na hatujifanyi hatujui. Lakini mimi niliuona ule weupe kwa macho yangu, na mfupa mzima naujua.

Nje, Abdi alifungua mlango wa nyuma kama kawaida. Ciru akampita. Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda, akaanza kutafuta stesheni ya redio. Mimi na Abdi tulitazamana juu ya paa la gari. Abdi akaniambia, basi, nafasi iliyobaki ni ya nyuma, nami tangu jana nilikuwa sijalala.

Hivyo mimi ndiye niliyelala kwenye godoro, chini ya blanketi la simba, miguu yangu ikigonga mlango. Nilimtazama Ciru kisogo tangu Eldoret. Nilingoja aombe tusimame. Tukapita Burnt Forest, tukapita Nakuru, anabishana na Abdi juu ya nyimbo, anakula karanga, na hakuomba.

Tulipokaribia Naivasha polisi wakatusimamisha. Afisa akainama dirishani, akaona mtu mzima amefunikwa nyuma, akamuuliza Ciru tunampeleka wapi mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa hapa, afande," akasema. "Huyo ni baba yangu, amelala tu."

Sikuwa nimelala. Nilivuta blanketi likanifunika uso, nikalia hadi Limuru.